Waliolala Verandani: Uchambuzi wa Kisa cha Jengo la Maduka Jijini Nairobi

Mteja aliyeniletea kisa hiki alifika ofisini siku moja kabla ya tarehe aliyotakiwa kuripoti katika kituo cha polisi. Ni mfanyabiashara wa makamo ambaye, kupitia kampuni ya familia, anamiliki jengo la ghorofa nne upande wa chini wa Nairobi, kati ya River Road na mto. Chini kuna maduka tisa ya vipuri, vitambaa na simu. Juu kuna stoo na ofisi ndogo ndogo. Nyuma kuna ua wa kupakulia mizigo unaofungwa kwa geti la chuma. Mbele, kama ilivyo katika majengo mengi ya zamani ya mtaa ule, kuna veranda iliyofunikwa na ghorofa ya kwanza na kushikiliwa na nguzo sita. Veranda hiyo na ua ule ndivyo vilivyozua mambo yote. Nimeacha majina na kubadilisha alama kadhaa ili jengo lisitambulike; hoja za kisheria sikuzigusa.

Kila jioni, maduka yakishafungwa, watu kati ya kumi na watano na ishirini walikuwa wakija kulala hapo. Walikuwamo akina mama watatu wenye watoto, vijana waokotao plastiki na vyuma chakavu, na mzee mmoja aliyezoea kuzungumza peke yake. Kufikia saa moja asubuhi wengi walikuwa wameshaondoka, wakiacha maboksi yaliyokunjwa nyuma ya nguzo na, mara nyingi, harufu ya mkojo ambayo wapangaji waliilalamikia kwa barua. Ndani ya ua alikuwamo mtu wa namna nyingine kabisa: mwanamume wa miaka hamsini na ushei, aliyejenga kibanda cha mabati na turubai kwenye kona ya ukuta na kuishi humo, kwa hesabu yake mwenyewe, tangu mwaka 2016.

Wapangaji wawili walikuwa wameandika kwamba wasipoona mabadiliko watazuia kodi. Mteja akaipigia simu kampuni inayompa walinzi, akaambiwa asiwe na wasiwasi, jambo hilo lingemalizwa. Usiku huo walinzi wanne walimwaga maji verandani, wakakusanya maboksi, mablanketi na mifuko, wakaviwasha moto kando ya barabara. Kijana mmoja alipigwa rungu la kiwiko. Katika mfuko mmoja ulioteketea kulikuwa na kitambulisho cha taifa cha mmoja wa wale akina mama pamoja na kijitabu cha kliniki cha mtoto wake. Asubuhi yule mama alikwenda kituoni akiongozana na mfanyakazi wa shirika la misaada, akapiga ripoti na kupewa nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Hapo ndipo mwenye jengo alipoitwa.

"Wakili," aliniambia, "hatimiliki ninayo, ada za kaunti nalipa kila mwaka. Inakuwaje mimi ndiye mshukiwa?"

Swali lake lina jibu, na ni afadhali lianze hapo, kwa kuwa wenye majengo wengi hulifikia swali hilo wakiwa wamechelewa. Haki ya kumiliki mali inalindwa na Kifungu cha 40 cha Katiba ya 2010, na hakuna aliyekuwa akiibisha haki ya mteja wangu. Lakini kumiliki ardhi ni jambo moja, na kumiliki blanketi lililowekwa juu ya ardhi hiyo ni jambo lingine. Blanketi lile, chafu vile lilivyokuwa, lilikuwa mali ya mtu. Na kuiharibu mali ya mtu kwa kukusudia na bila haki ni kosa chini ya kifungu cha 339 cha Kanuni ya Adhabu. Rungu la kiwiko, likiacha jeraha, ni shambulio lenye kudhuru mwili, kifungu cha 251. Kuna pia kifungu cha 90, ambacho wenye mali hawakijui na mawakili wengi hawakikumbuki, kinachosema kwamba mtu anayeingia katika ardhi kwa nguvu ili aitwae anatenda kosa hata kama ana haki ya kuingia. Walioitunga sheria hiyo walijua kwamba ugomvi wa ardhi ukiachiwa wenye misuli, hautakoma.

Mteja alitegemea kwamba walinzi si waajiriwa wake, kwa hiyo yaliyotendeka ni ya kampuni yao. Hoja hiyo ina uzito kiasi katika kesi ya madai, ambako kampuni ingeunganishwa kama mdaiwa, lakini haikumwokoa, kwa sababu yeye ndiye aliyeagiza, na simu yake ilikuwa na ujumbe aliouandika mwenyewe: "Leo usiku wasionekane hapo." Mlinzi wa kampuni binafsi, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Usalama wa Kibinafsi ya 2016 na Kanuni ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, hana mamlaka ya polisi. Mwenye mali, au mtumishi wake, anaweza kumkamata mtu anayemkuta akiharibu mali hiyo. Akishamkamata, anapaswa kumkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Kulala si kuharibu mali. Sheria haimpi bawabu ruhusa ya kuadhibu, wala ya kufundisha watu adabu, neno ambalo lilijirudia mno katika maelezo ya wale walinzi.

Mahakama ya Juu ilikwisha kulizungumzia jambo hili mwaka 2021 katika kesi ya Musembi na wenzake dhidi ya Moi Educational Centre, iliyotokana na ubomoaji wa makazi ya City Cotton na Upendo hapa Nairobi mwaka 2013. Ardhi ilikuwa ya mtu binafsi na wakazi hawakuwa na hati. Mahakama haikusema kwamba mwenye ardhi ana wajibu wa kuwapa makao. Ilichosema ni kwamba namna ya kuwaondoa, kwa vurugu na bila kujali utu wao, ilivunja haki zao za heshima na usalama. Nilimsomea mteja sehemu hiyo polepole. Hakufurahi.

Baada ya hapo kulikuwa na kazi ambayo yeye aliiona ni ya kupoteza wakati: kupima. Maneno "wamelala kwangu" yanahitaji kuthibitishwa kwa ramani, na nimeona kesi mbili zikianguka kwa sababu mlalamishi alishtaki watu waliokuwa wamelala juu ya ardhi ya kaunti. Tulimwajiri mpima aliyekwenda Ruaraka kuchukua ramani ya upimaji ya kiwanja, kisha akaja na fundi mwenye tindo kutafuta bikoni za mbele, yaani alama za mpaka zilizozikwa ardhini. Moja ilipatikana chini ya vigae, kwenye mstari wa nguzo. Ya pili ilikuwa imezikwa na saruji karibu na mtaro. Mstari ukavutwa kwa uzi wa bluu kutoka bikoni hadi bikoni. Veranda yenyewe, kutoka ukuta hadi nguzo, ilikuwa ndani ya hatimiliki. Ile njia ya miguu nje ya nguzo, ambako karibu nusu ya watu walikuwa wakilala wakati hakuna mvua, ilikuwa hifadhi ya barabara, na barabara kwa mujibu wa Kifungu cha 62 cha Katiba ni ardhi ya umma. Moto ule wa mablanketi ulikuwa umewashwa huko nje. Mteja aliutazama ule uzi kwa muda, kisha akauliza kama unaweza kusogezwa.

Tukaanza na waliolala ndani ya uzi. Sheria ambayo kila mtu huitaja hapa ni ile ya kuingia ardhi ya mtu bila ruhusa, Sura ya 294. Kifungu chake cha 3 kinamfanya kuwa mkosaji yeyote anayeingia au kubaki katika ardhi ya mtu binafsi bila sababu ya msingi na bila idhini ya anayeikalia, na mzigo wa kuthibitisha sababu au idhini hiyo uko kwa mshtakiwa. Kwenye karatasi hiyo ni silaha nzuri. Mteja angeweza kupeleka malalamiko kwa mkuu wa kituo, akaonyesha hatimiliki na ramani, na polisi wakawaamuru watu watoke au wakawafungulia mashtaka.

Ila mwenye duka la vitambaa, mama mmoja mwenye maneno machache, alinieleza jambo ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza. Tangu mwaka uliotangulia alikuwa akiwaachia wale akina mama chai kwenye chupa na kuwaomba waangalie kufuli lake usiku, na tangu hapo duka lake halikuvunjwa. "Hao ndio walinzi wangu," alisema. "Wale wa sare hulala." Veranda ni sehemu ya pamoja, kwa hiyo idhini ya mpangaji mmoja si idhini ya mwenye jengo, lakini mwanamke aliyeombwa na mwenye duka alale mlangoni ana sababu ya kuwapo ambayo hakimu yeyote ataisikiliza. Hata kama angehukumiwa, sikuona faida yake kwa mteja. Mshtakiwa asiye na anwani na asiye na wa kumdhamini hukaa rumande akisubiri kesi ya kosa dogo, kisha hutoka na kurudi kwenye veranda ileile, kwa maana ndiko anakojua.

Mteja alikuwa na pendekezo lake: wakamatwe kwa uzururaji. Ilinibidi nimweleze kwamba Sheria ya Uzururaji ilifutwa Kenya mwaka 1997, na kwamba Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya ushauri tarehe 4 Desemba 2020 kwamba sheria za namna hiyo, zinazomfanya mtu kuwa mkosaji kwa hali yake na si kwa tendo lake, zinapingana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Maoni ya ushauri si hukumu, lakini upepo unavuma upande huo: mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ya Uganda nayo ilifuta vifungu vya uzururaji katika kanuni yao ya adhabu. Kuna maafisa ambao bado hukamata watu kwa mazoea. Mwenye jengo anayewaomba wafanye hivyo anajiandikia jina kwenye malalamiko ya kesho.

Kilichobaki kwa veranda kilikuwa cha kawaida mno kiasi kwamba mteja alikitilia shaka. Mwenye mali ana haki ya kuzungushia mali yake, na kufunga geti kwenye mstari wa nguzo nyakati za usiku, mradi asiwafungie watu ndani na asizuie njia ya dharura ya wapangaji. Kizuizi kinachomkuta mtu akiwa nje hakimfurushi. Tofauti kati ya kufunga mlango kabla mtu hajaingia na kumtoa aliyekwisha kulala ni ndogo kwa macho, lakini kisheria ni kubwa. Nilimshauri pia atoe ilani kwanza, ingawa kwa watu wanaokuja jioni na kuondoka alfajiri inaweza kubishaniwa kama sheria inaidai. Kuna wenzangu wanaoona kwamba vifungu vya Sheria ya Ardhi kuhusu wakaaji haramu haviwahusu wanaolala tu bila kujenga kitu. Huenda wako sahihi. Ila sikutaka mteja ambaye tayari ana jalada kituoni awe ndiye wa kulijaribu swali hilo mahakamani.

Ndani ya ua mambo yalikuwa mazito zaidi. Kwa mujibu wa mteja, mwanamume wa kibanda alikuwa mvamizi kama wengine, na mvamizi wa hatari, kwa kuwa rafiki yake alikuwa amemtia hofu kwamba mtu akikaa miaka kumi na miwili ardhi inakuwa yake. Ni kweli kwamba Sheria ya Ukomo wa Mashauri, Sura ya 22, inaweka miaka 12, na kwamba mtu aliyeikalia ardhi kwa uwazi, mfululizo, bila ruhusa na kwa nia ya kuimiliki anaweza kuiomba mahakama imtangaze kuwa mmiliki. Kwa waliolala verandani hofu hiyo haina mahali pa kushika. Anayeondoka saa kumi na mbili asubuhi na boksi lake kwapani hamiliki chochote. Kwa mtu wa kibanda, miaka ilikuwa haijatimia, na, muhimu zaidi, hakuwa amekaa bila ruhusa.

Nilikwenda kumwona mwenyewe. Kibanda kilikuwa na upana wa mlango mmoja, ndani mna kitanda cha mbao za paleti, jiko la makaa na redio iliyofungwa kwa waya. Ufunguo wa geti la ua ulikuwa umening'inia shingoni mwake kwa kamba ya kiatu. Nilipomuuliza ni nani aliyempa, alitaja keateka, yaani msimamizi wa jengo, wa kwanza, aliyekwisha kufariki, kisha wa pili, kisha huyu wa sasa. Tangu 2016 alikuwa akifungua geti kwa malori ya alfajiri, kufagia ua na kuzoa takataka. Akatoa simu ndogo yenye kioo kilichopasuka na kunionyesha ujumbe wa M-Pesa: shilingi 200, shilingi 150, shilingi 300, kutoka nambari ya keateka, kila wiki au wiki mbili, kurudi nyuma hadi pale kumbukumbu ya simu ilipoishia. "Sijawahi kuiba hata msumari," aliniambia, "muulize boss." Boss hakuwahi kumwona ila kwa mbali.

Ujumbe ule ulibadilisha kila kitu. Mtu aliyewekwa na msimamizi wa jengo, akapewa ufunguo na kutumwa kazi, amekaa kwa idhini. Msimamizi humwakilisha mwenye jengo, na mwenye jengo hawezi kukana idhini aliyoifaidi kwa miaka saba. Kwanza, dai la kumiliki kwa kukaa muda mrefu linakufa hapo hapo, maana anayekaa kwa ruhusa hakai dhidi ya mwenye ardhi. Mteja alipumua aliposikia hivyo. Pili, Sura ya 294 haimgusi mpaka idhini iondolewe na apewe muda wa kutosha wa kuhama. Tatu, na hapa mteja aliacha kupumua, Sheria ya Ajira ya 2007 inatambua mkataba wa mdomo, na kibarua anayefanya kazi mfululizo hupata haki za mwajiriwa wa kawaida hata kama hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Mshahara wa chini, likizo, ilani ya kuachishwa kazi: wakili mzuri wa upande wa pili angepiga hesabu hiyo kwa mchana mmoja, na jumla yake ingezidi kwa mbali gharama ya kibanda, geti na ada yangu.

Hata kama kazi ingewekwa kando, na mtu huyu akachukuliwa kuwa mkaaji asiye na idhini, Sheria ya Ardhi kama ilivyorekebishwa mwaka 2016 inataka njia ndefu. Kifungu cha 152E kinamtaka mwenye ardhi ya binafsi atoe ilani ya maandishi isiyopungua miezi mitatu, kwa lugha ya taifa na rasmi, na nakala zimfikie naibu kamishna wa kaunti na mkuu wa polisi wa eneo hilo. Aliyepewa ilani anaweza kwenda mahakamani kuomba nafuu. Siku ya kuondolewa, kifungu cha 152G kinataka wanaotekeleza wajitambulishe, waonyeshe idhini rasmi, walinde wanawake, watoto, wazee na wenye ulemavu, wasitumie nguvu kupita haja, na wampe mwenye kibanda nafasi ya kwanza kukibomoa mwenyewe na kuokoa vitu vyake. Ni masharti ambayo wenye mali huyaona kama mzigo. Mimi nayaona kama ngao yao: aliyeyafuata hana sababu ya kuitwa kituoni.

Kuhusu waliolala nje ya uzi, uwezo wa mteja ulikuwa mdogo na nilimwambia hivyo. Njia ya miguu iko chini ya kaunti. Angeweza kuandika, kulalamika kuhusu uchafu kwa maafisa wa afya ya umma, na hatimaye kuishtaki kaunti kwa kuacha kero iendelee. Hapo alinionyesha habari aliyoisoma kwenye simu kuhusu mji wa Phoenix, Arizona, ambako mwaka 2022 wenye biashara na majumba karibu na kambi kubwa ya wasio na makao iliyoitwa The Zone waliishtaki serikali ya mji wao kwa kero ya umma. Mwaka 2023 mahakama ya Kaunti ya Maricopa iliwapa ushindi na kuiamuru serikali ya mji iisafishe kambi kufikia tarehe 4 Novemba. Kesi ile inafaa kusomwa, kwa sababu waliohukumiwa si waliolala barabarani bali serikali iliyowaacha huko; na katika kuwaondoa, mji ulilazimika kuwatafutia mamia yao nafasi za kulala. Kwa Nairobi swali linalofuata ni gumu zaidi: wapelekwe wapi? Sensa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini, 15,337 kati yao Nairobi peke yake. Amri ya kuondoa watu kutoka njia moja ya miguu, bila pa kuwapeleka, huwahamishia mbele ya jengo la jirani, na jirani naye ana wakili.

Watoto nao hawakuweza kusubiri mabishano hayo. Chini ya Kifungu cha 53 cha Katiba na Sheria ya Watoto ya 2022, mtoto asiye na makao ni mtoto anayehitaji kulindwa, na hatua ya kwanza si kumfukuza bali kumjulisha afisa wa watoto. Yeyote anaweza kupiga nambari 116 bila malipo. Nilisisitiza kwamba lengo la simu hiyo lisiwe kuwatenganisha na mama zao ili veranda ipate nafasi, kwa kuwa afisa makini huliona hilo haraka. Yule mzee aliyezungumza peke yake alihitaji daktari, na kumshtaki kungekuwa kupoteza muda wa mahakama. Kupitia kituo cha polisi tuliomba apelekwe hospitali, ikachukua ziara nne.

Wapangaji waliotishia kuzuia kodi walijibiwa kwa barua fupi. Mikataba yao haikuwaruhusu kukata kodi wenyewe, na kama wana lalamiko dhidi ya mwenye jengo, Mahakama Maalumu ya Kodi za Majengo ya Biashara ipo. Lakini kwa faragha nilimwambia mteja kwamba walikuwa na hoja kuhusu mkojo, na kwamba taa mbili na bomba la maji vingemgharimu kidogo kuliko majibizano.

Yaliyofanyika hatimaye yalichukua muda wa miezi mitano. Suala la moto lilimalizwa kwa maridhiano: mteja na kampuni ya ulinzi waligawana gharama za matibabu ya kiwiko, mablanketi mapya, na safari za yule mama kutafuta kitambulisho kingine na nakala ya kumbukumbu za chanjo za mwanawe. Mama alikubali kuondoa malalamiko mbele ya wakili wa shirika lililomsindikiza, ambaye alinibana vilivyo na ninamheshimu kwa hilo. Walinzi walibadilishwa, na mkataba mpya ukaandikwa sentensi niliyoitunga mwenyewe: mlinzi hatagusa mtu wala kitu cha mtu, ataita polisi.

Ilani ya veranda iliandikwa kwa Kiswahili, ukurasa mmoja na nusu, ikabandikwa kwenye nguzo mbili. Kwa kuwa wengi wa waliohusika hawakusoma, keateka aliisoma kwa sauti usiku wa saa tatu, chini ya taa ya duka la vitambaa, mbele ya chifu na afisa wa watoto. Kijana mmoja aliuliza kama siku ya mwisho ni pamoja na usiku wake. Tulipoiangalia tukagundua kwamba ilani haikusema, nami nikaongeza kwa kalamu: hadi saa kumi na mbili asubuhi ya siku inayofuata. Geti la kukunja lilifungwa miezi mitatu baadaye, likiwa limeachiwa upana wa mita moja upande wa duka la vitambaa, kwa sababu mwenye duka hilo alikataa kuwapoteza walinzi wake na mteja alichoka kubishana naye.

Mtu wa kibanda hakuondoka. Baada ya kupigiwa hesabu ya madai yanayoweza kutokea, mteja alimwajiri rasmi kama mwangalizi wa ua, kwa mkataba wa maandishi, mshahara uliotajwa na siku ya mapumziko, kwa makubaliano kwamba makazi yake hapo ni sehemu ya kazi na yatakoma pamoja na kazi. Alipewa chumba kidogo kilichokuwa stoo ya rangi, na kibanda alikibomoa mwenyewe. Mkataba nilimsomea kifungu kwa kifungu. Nilipofika penye jina la mwajiri aliniomba nilirudie, akalitamka mara mbili, kisha akaweka dole gumba.

Nje ya uzi wa bluu watu bado hulala. Mteja hunipigia mara moja moja, hasa mvua zinapoanza, na kila mara huanza kwa kunieleza wako upande gani wa nguzo.